Marehemu Anaomba Nishani Zake

Watu wengi hufagiliwa makaburi yao na wenzao. Bibi Bandeji alilifagia la kwake mwenyewe. Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, alifunga kitambaa kichwani, akachukua ufagio wake wa njiti, akaingia lango la makaburi ya jeshi, na mtunza makaburi akamwamkia bila kucheka:

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Wenzangu wameamkaje?"

"Wametulia. Hakuna aliyelalamika."

"Basi wana adabu kuliko walio hai."

Kisha akafuata mstari wa mwisho, ule wa ukutani, akasimama mbele ya jiwe jeupe lililoandikwa jina lake lote, namba yake ya jeshi, kazi yake ya mhudumu wa wagonjwa, na siku aliyokufa. Akalisugua kwa kitambaa chenye maji. Akang'oa magugu. Alipochoka alikaa pembeni akatafuna karanga na kupiga soga, maana chini ya jiwe hilo hakuwa yeye, yeye alikuwa juu. Aliyelala pale ni Honi.

Honi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika vita ambavyo vijana wa leo huvisikia redioni siku ya kumbukumbu, halafu wanabadilisha stesheni. Aliitwa hivyo kwa sababu aliipigia honi kila kitu: mbuzi, mawe, maofisa, na zaidi ya wote msichana mmoja mfungaji vidonda aliyekaa kiti cha pembeni yake. Msichana huyo ndiye Bandeji. Siku Honi alipomwambia kwamba vita vikiisha atampeleka kwa mama yake, Bandeji alimjibu, "Utanipeleka na gari gani? Hili si lako, la serikali." Honi akapiga honi mpaka mgonjwa aliyekuwa nyuma akaamka akauliza kama wamefika.

Sasa, katika kikosi chao palikuwa na mtindo ambao haukuandikwa popote. Kila askari alivaa shingoni kibati chenye namba yake, ili akifa ajulikane ni nani. Basi aliyetumwa njia ya hatari alimwachia mwenzake kibati chake, na yeye akachukua cha mwenzake. Walisema mtu hafi na kitu cha watu. Sharti arudi akirudishe. Maofisa walikataza. Walifoka, wakatishia kuwafungia watu ndani. Vijana wakaitikia, "Ndiyo, afande," wakaendelea kubadilishana chini ya shati.

Siku ile Bandeji alikuwa na jipu kwenye unyayo, hawezi kukanyaga. Wenzake huokolewa na malaika. Yeye aliokolewa na jipu. Honi alichutama mbele yake, akamvua kibati, akamvisha cha kwake, akasema, "Nisipokirudisha nidai." Akaondoka peke yake. Gari likaungua njiani. Waliofika pale walikuta mifupa na kibati, na kibati kilisema aliyekufa ni Bandeji.

Kabla jua halijazama kambi nayo ikashambuliwa, kikosi kikatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Bandeji alijikuta na kikosi kingine kabisa, akafanya nacho kazi mpaka vita vikaisha. Alivusha majeruhi mto uliovunjika daraja, machela kichwani na maji kifuani. Hakuwa kwenye orodha yao, lakini nani atauliza orodha huku damu inamwagika? Na wakati huohuo, kwenye mji mkubwa, mbali na vita, jeshi lilikuwa limeshamzika kwa heshima zote, na bunduki zikapigwa hewani.

Aliporudi kwao alikuta picha yake imetundikwa ukutani, imezungushiwa maua ya plastiki. Mama yake akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha tena, kisha akasema, "Sasa chakula chote kile cha msiba watu walikula cha nini?" Ndipo akaanguka chini akalia.

Alikwenda jeshini kuwaambia hajafa. Karani mmoja akamgongea muhuri kwamba yu hai na ameachishwa kazi kwa heshima. Lakini habari za makaburi zilikuwa ofisi nyingine, za nishani ofisi nyingine tena, na ofisi hizo hazikuwa zikisalimiana. Moja ilisema yu hai, moja ilisema amekufa, naye akaishi katikati. Wenzake waliomaliza vita walipewa nishani mbili, ya vita na ya kuokoa majeruhi. Yeye hakupewa hata moja. Marehemu atamalizaje vita?

Wala hakupigana nao sana. Wakati wenzake wanatafuta miji yenye kazi, yeye alitafuta mji wenye kaburi. Akahamia pale, akafunga vidonda kwenye zahanati mpaka akastaafu. Wanaume walikuja. Mmoja alikuwa fundi saa, mtu mzuri tu, msafi wa kucha. Bandeji aliwajibu wote jibu moja: "Mimi nimeshakufa, baba, na marehemu haolewi. Ukitaka ushahidi, kasome jiwe."

Kwa hiyo hakuzaa, ila alilea. Alimlea binti wa kaka yake tangu anatambaa, akamsomesha ushonaji, na uzeeni ndiye aliyekaa naye. Watu wote walimwita Fundi. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele cherehani, pasi, na magauni ya watu yaliyoning'inia ukutani kama wageni waliokosa viti. Cha nyuma vitanda viwili na redio. Na ni katika chumba hicho cha mbele, Fundi akiwa na pini mdomoni, ndipo jambo hili lilipoanza.

"Shangazi, ukifa nitakuzika wapi?"

"Palepale. Jiwe lipo tayari. Utabadilisha tarehe tu."

Fundi akatema pini. "Nimemuuliza mtunza makaburi. Anasema askari mmoja kaburi moja, na la kwako lina mtu."

"Nitamwambia asogee."

"Shangazi, sitanii. Anasema pale haingii mtu ambaye habari zake za jeshi hazijakamilika. Wewe kwao huna nishani, huna chochote, umekufa vita havijafika katikati. Nitakuja na jeneza langoni waniambie huyu tulishamzika?"

Bibi Bandeji akacheka. Akacheka kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akawa anakunja kipande cha kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Miaka yote alikuwa akiitazama ile nafasi tupu kati ya jiwe lake na ukuta, jinsi mwanamke anavyoitazama nyumba atakayohamia: hapa kitanda, hapa dirisha. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikosa vingi na Honi, hakuvikosa kwa ugomvi wala kwa usaliti, alivikosa hivihivi. Basi akajiambia, usingizi huo wa mwisho angalau watalala jirani. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba watamfungia lango.

Kesho yake alivaa gauni la kutokea, akaenda ofisi ya kumbukumbu za jeshi.

Aliyempokea alikuwa ofisa mwanamke, kijana, mabega yamejaa vyeo na meza imejaa chai iliyopoa. Akabonyeza kompyuta, akakunja uso, akabonyeza tena.

"Bibi, hapa inaonyesha umefariki."

"Naam, afande. Ndiyo maana nimechelewa kuja."

Ofisa alijitahidi asicheke, akashindwa, akafunga mlango. Bibi Bandeji akamweleza yote, vibati, jipu, mto, maua ya plastiki, mpaka ile nafasi tupu ya ukutani. Ofisa akasikiliza bila kumkatiza, na hilo pekee lilistahili nishani.

"Ombi lako linawezekana," akasema mwishowe. "Tuna ripoti za kile kikosi cha pili, wameandika kuna mwanamke asiye kwenye orodha aliyevusha majeruhi. Lakini kwanza lazima tuthibitishe kwamba aliyezikwa kwa jina lako ni huyo dereva. Kibati chake kiko wapi?"

"Kwao. Nilikipeleka kwa mama yake nilipotoka vitani. Kwetu sisi hakuna asiyejua; ni nyie tu mlikuwa hamjui. Sasa kiko kwa dada yake."

"Kilete, na dada yake atoe maelezo. Ikithibitika utapewa nishani zote mbili, na haki ya kuzikwa pale. Hata hiyo nafasi ya ukutani naweza kukuandikia."

Bibi Bandeji alihisi miguu yake imekuwa myepesi, akataka kusimama aende zake kabla hajabadilishiwa maneno. Lakini ofisa alikuwa hajamaliza, na alikuwa anazungusha kikombe mezani kama mtu anayetafuta sikio lake.

"Kuna jambo, bibi. Tukishaandika jina la dereva kwenye jiwe, anakuwa na ndugu. Na ndugu wana haki ya kumhamisha. Mpaka leo hawawezi, maana kwenye karatasi aliyelala pale ni wewe."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, yeye anabaki. Ila wewe huingii."

Alirudi nyumbani akitembea kando kando ya ukuta. Ukivuta shuka kichwani, miguu inabaki nje. Ukifunika miguu, kichwa kinapata baridi. Na ule upande wa pili wa shuka alimjua vizuri aliyeushika.

Yeye na dada wa Honi walikuwa wakiitana wifi tangu wakiwa wasichana, ingawa ndoa haikuwahi kuwapo. Waliitana hivyo, wakatupiana maneno hivyo, wakazeeka hivyo. Dada huyo alikaa mbali, mwendo wa basi wa kutwa, katika nyumba ileile waliyozaliwa. Bibi Bandeji alimkuta barazani na sinia la mchele, anachambua mawe.

"Hodi!"

"Hodi ya nani? Kama ni mzimu upite tu, mizimu haibishi hodi."

"Ni wifi yako."

"Mimi nina wifi gani? Kaka yangu hakuoa."

"Alikuwa njiani."

"Kaka yangu alikuwa njiani siku zote. Karibu basi, usije ukafa mara ya pili mlangoni kwangu. Umezeeka, wifi."

"Na wewe umekauka."

"Mimi nimekauka kwa jua. Wewe una sababu gani, na kukaa kwako kote ardhini?"

Wakacheka mpaka sinia likataka kumwagika. Wakala, wakanywa chai, wakasema watu. Ndipo Bibi Bandeji akatoa lililomleta, akalitoa lote, na lile la kuhamisha pia, ingawa njiani ndani ya basi alikuwa amejizoeza kulisema nusu.

Wifi aliingia ndani, akatoka na kibati kwenye uzi mweusi. Mama yao alikivaa mpaka alipokufa, na kimesuguliwa na ngozi yake hata namba zimekuwa laini, zinasomeka kwa kidole kuliko kwa jicho.

"Ukikipeleka," wifi akasema, "mimi namchukua kaka yangu."

"Najua."

"Ubavuni kwa mama tumeacha nafasi yake. Nafasi ile ni kama pengo la jino, ulimi hauachi kwenda."

"Mimi nilitaka nilale karibu naye, wifi."

"Na mimi nataka aje nyumbani. Tufanyeje, tumkate?" Akaweka kibati juu ya sinia, katikati ya mchele. "Unakumbuka ile mara moja nilipokuja huko kwenu? Machozi yangu niliyabeba kutoka hapa, kwenye basi nimeyashika kama mtu aliyejitwika ndoo. Nafika, nasoma jina lako. Yakakauka yote. Nitamliliaje mtu ambaye wiki iliyopita kalala kwangu, kala, halafu kasema chumvi imezidi?"

"Ilikuwa imezidi."

"Nyamaza, wifi." Alisema taratibu. "Wewe una pa kwenda. Una siku yako, una ufagio wako, una pa kukaa. Mimi unajua nalilia wapi? Jikoni. Watu wanadhani ni moshi."

Bibi Bandeji akaokota punje ya mchele iliyodondoka, akairudisha siniani.

"Utakipeleka?" wifi akauliza.

"Sijui."

"Angalau husemi uongo." Akamvisha kibati shingoni mwenyewe, akakiingiza ndani ya gauni, akampiga kifuani juu ya kibati, pa. "Ukikitupa mtoni hakuna atakayekufunga. Mimi nitajua tu, maana nitangoja na hakuna atakayekuja. Kungoja nimeshazoea."

Basi akarudi nacho. Akakaa nacho siku, akakaa nacho siku nyingine. Fundi akimuuliza anasema mgongo unauma. Akimuuliza tena anasema ofisa hayupo. Alikuwa akilala kibati kimemlalia kwenye kile kishimo cha shingo ambacho kiliwahi kukijua alipokuwa na ngozi ya kujivunia. Mara nyingine aliamka akakishika akadhani ni siku ileile, na jipu liko palepale, na gari ndiyo kwanza linawashwa.

Mwishowe akaenda makaburini siku isiyo yake. Mtunza makaburi alimwona tu usoni, akageuza toroli lake akaenda upande mwingine.

Alikaa chini kabisa, sio pembeni. Akajaribu kuukumbuka uso wa Honi, ukaja wa picha za watu wengine. Hawakuwahi kupiga picha. Sauti nayo ilikuwa imekwenda zamani. Alichobaki nacho ni shingo: ile shingo iliyoinama mbele yake siku ile, yenye harufu ya dizeli na sabuni ya mche, na nywele fupi zilizoota vibaya kwa sababu walikuwa wakinyoana wao kwa wao kwa wembe mmoja butu. Shingo hiyo alikuwa nayo yote, mpaka kovu dogo nyuma ya sikio. Maisha mazima aliyaishi na shingo.

"Wewe kijana," akamwambia, na neno hilo likamshtua mwenyewe. Maana kweli alikuwa kijana. Yeye amezeeka Ijumaa baada ya Ijumaa, meno yameng'oka, magoti yanalia kama mlango. Honi amebaki palepale. "Ukifufuka saa hizi utaniamkia shikamoo. Utanisaidia kuvuka barabara, halafu uende kutafuta wasichana."

Akacheka peke yake, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akakiacha kitoke.

Kilipotulia alinyoosha mkono akapapasa herufi kwenye jiwe. Jina lake. Alikuwa amemweleza Honi kila kitu mahali hapa: zahanati, fundi saa, Fundi alivyoanza kutembea, Fundi alivyoolewa akarudi. Na kila alipoinua macho kungoja jibu, jiwe lilimjibu jina lake mwenyewe. Zamani alikuwa akiona ni kama wameandikishwa ndoa, yeye na Honi chini ya jina moja. Leo aliona jingine. Aliona kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuja kukaa hapa. Jina lake lilikuwa limekaa mlangoni kama mke mkali, linafukuza ndugu wa mume.

"Mimi nimekuwa na wewe," akasema. "Sikupata harusi, lakini nimekuwa na wewe. Yule ana moshi tu."

Akasimama kwa awamu, kama wazee wanavyosimama, akaenda moja kwa moja ofisini. Akavua uzi mweusi, akakiweka kibati juu ya meza ya ofisa.

"Hiki hapa."

"Asante, bibi." Ofisa akangoja. "Achia basi."

"Nimeachia."

"Hujaachia, bibi."

Akautazama mkono wake. Kweli, vidole vilikuwa vimekishika. Ikabidi avitoe kimoja kimoja kwa mkono wa pili, kama anavyofungua bandeji iliyogandia kidonda.

Jeshi halina haraka na waliokufa. Mvua zikanyesha zikakatika. Wifi akaitwa kutoa maelezo, akayatoa, na inasemekana alimwambia ofisa anywe chai ikiwa moto kama watu. Wakalifungua kaburi, wakaja madaktari wa mifupa, wakakubali kwamba aliyelala pale alikuwa mwanamume mrefu. "Hilo wangeniuliza mimi," Bibi Bandeji akamwambia Fundi, "ningewaambia bila jembe." Hatimaye ikaja barua kwamba yu hai tangu zamani, na nishani zake mbili zitolewe.

Fundi alimshonea koti la bluu lenye bitana. Siku yenyewe, nishani zilipobandikwa, koti likavutika upande mmoja, kwa sababu zilikuwa nzito kuliko zinavyoonekana kwa watu. Kamanda akampigia saluti, na askari wote pale uwanjani wakapiga, na bendi ikapiga. Bibi Bandeji alirudisha saluti. Lakini ilipokwisha na watu wakaja kumpongeza, alijikuta anageuza shingo huku na huku. Ilimchukua muda kujua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwonyesha.

Wiki ileile wifi akaja kumchukua kaka yake. Lilikuwa jeneza dogo, la mtu ambaye alikuwa akiinama kuingia mlangoni. Askari wakalibeba mpaka kwenye gari, na dereva, kijana asiyejua lolote, alipotoka langoni akapiga honi kumfukuza mbwa. Wanawake wawili wakashikana mikono. Wifi akalia palepale, hadharani, kweupe, kwa sauti ambayo ilikuwa imengoja tangu usichana wake, na Bibi Bandeji akamshikilia kiuno asianguke. Yeye mwenyewe hakulia. Kulikuwa na kazi ya kufanya, na mfungaji vidonda halii kazini.

Walimzika ubavuni kwa mama yake. Nyumba ilijaa watu, wifi akawa hana nafasi hata ya kukaa, na Fundi, aliyemsindikiza shangazi yake, alikuwa na nguo za wateja zinamngoja. Mawifi wakaagana kwenye basi kwa maneno mawili, safari njema.

Ijumaa iliyofuata miguu ilikwenda yenyewe. Jiwe lilikuwa limeondolewa. Udongo ulikuwa umesawazishwa, mwekundu, laini kama kitanda kilichotandikwa na mtu wa hoteli. Pembeni, kwenye ile nafasi ya ukutani, kilikuwa kimechomekwa kijiti chenye namba yake.

"Nafasi yako hiyo," mtunza makaburi akasema, akiwa amevua kofia. "Nzuri. Jioni inapata kivuli. Ofisa kasema useme tu kama unaitaka, maana waombaji wapo."

Bibi Bandeji akaitazama. Ni ileile aliyoitaka maisha yake yote, haikupungua hata shubiri. Kushoto kwake shimo lililofukiwa. Baada ya shimo, mstari mrefu wa vijana wasiomjua.

Akatoa simu, akaitafuta namba kwa kuipeleka mbali na macho.

"Nani kafa?" wifi akapokea.

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa mbona unapiga asubuhi?"

"Nauliza. Huko kwenu nafasi ipo?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya kulala."

"Kitanda cha mama kipo. Godoro limeshuka kidogo."

"Sio kitanda, wifi."

Upande wa pili alisikia kuku, alisikia ndoo inawekwa chini, akasikia kandambili zinatembea, zinakwenda, zinakwenda, zinasimama.

"Wifi, upo?"

"Nipo. Napima kwa macho." Pumzi zikasikika. "Mama kachukua kulia kwa kaka. Kushoto nilikuwa nimejiwekea mimi."

"Basi."

"Basi nini? Nimesema nilikuwa. Kuna na miguuni, pale kwenye mteremko. Mimi ni mfupi, naweza kulala miguuni. Ila unasikia, wifi, mtu hawezi kuja hivihivi kuzikwa kwa watu kama mzigo wa basi. Watu wataniuliza huyu ni nani, nitasema nini?"

"Useme wifi yako."

"Hawakuoni. Wifi gani hana hata sufuria hapa? Njoo kwanza ukae. Lalia hicho kitanda, tugombane, watu wakuzoee. Hayo ya ardhi tutayamaliza uso kwa uso."

"Nishani nije nazo?"

"Za nini? Kuku hawasomi."

Fundi alipotoka kumsindikiza mteja alimkuta shangazi yake chumba cha nyuma, begi liko wazi kitandani, koti la bluu limekunjwa chini kabisa na nguo za kazi juu yake.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Kwa wifi."

"Utarudi lini?"

Bibi Bandeji alimtazama huyu mtoto aliyemlea, mwenye uzi mweupe umemning'inia begani, akautoa ule uzi, akauzungusha kidoleni.

"Utakuwa unakuja wewe," akasema. "Kalia hilo begi nifunge zipu."